Mkuu wa Mji Akiondoka Kazini, Apewe Nini?

Mkuu wa mji au wa komini anapomaliza kazi yake, watu hukusanyika. Viti hupangwa chini ya turubai, akina mama huvaa vitenge vya namna moja, waimbaji hujipanga, na mbuzi hufungwa kando akiingoja saa yake. Wasemaji husimama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja hujitahidi kumsifu aondokaye kupita yule aliyemtangulia. Kisha zawadi hutolewa, picha hupigwa, watu hula na kunywa, na jua linapotua kila mtu hurudi nyumbani kwake. Desturi hiyo ni njema, wala haifai kudharauliwa. Lakini mtu mwenye kufikiri hubaki na maulizo moyoni. Je, mkuu aliyelipwa mshahara kwa kazi yake adai tena shukrani? Je, ni halali kumsifu mtu kwa mambo ambayo kila mmoja ajua hakuyatenda? Na yule aliyetenda mema na mabaya pamoja, kama watu walio wengi, aheshimiwe kwa namna gani? Maulizo hayo si ya wakubwa tu. Yamhusu pia mkulima wa kijijini na mama auzaye ndizi sokoni, kwa maana wao ndio waliotawaliwa, nao ndio wenye kujua habari kamili.

Komini ya Bagira iko katika mji wa Bukavu, juu ya vilima vya ziwa Kivu, ikiwa jirani ya komini za Ibanda na Kadutu. Nyumba zake zilizopangwa kwa mistari zilijengwa katika miaka ya 1950 na Ofisi ya Miji ya Waafrika, ambayo serikali ya Wabelgiji iliianzisha mwaka 1952 ili kuwapatia makao wafanyakazi waliomiminika mijini. Waliopewa nyumba hizo hawakuulizwa ni nani awaongoze. Sheria ya tarehe 26 Machi 1957 ndiyo iliyoweka utaratibu wa kugawanya miji mikubwa ya Kongo kuwa komini, kila komini na baraza lake na mkuu wake, na mwishoni mwa mwaka 1958 wanaume wa Bukavu walipiga kura kwa mara ya kwanza. Wanawake hawakuitwa. Hapo neno burugumesta likazoeleka midomoni mwa watu, wala halijatoka tena. Baadaye mambo yaligeuka mara nyingi. Kwa miaka mingi wakuu hao hawakuchaguliwa na wakazi bali waliteuliwa kutoka juu, ijapokuwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 yaagiza kwamba wachaguliwe na madiwani wa komini.

Kazi ya burugumesta yaonekana ndogo machoni pa wakuu wa nchi, lakini kwa mtu wa chini ndiyo serikali yenyewe. Mtoto akizaliwa, jina lake huandikwa katika kitabu cha komini. Asipoandikwa, siku moja ataambiwa kwamba hajulikani. Mtu akifa, huandikwa pale pale. Wawili wakioana mbele ya sheria, huenda pale. Soko lafagiliwa au halifagiliwi. Mfereji wa maji ya mvua wazibuliwa au waachwa. Na katika Bukavu, ambako udongo wa vilima huteremka wakati wa mvua pamoja na nyumba na watu waliolala ndani yake, mfereji ulioachwa si jambo dogo. Ndugu wawili wagombaniao kiwanja cha marehemu baba yao hufika mbele ya meza yake. Hapo ndipo hongo hupata mlango, kwa maana muhuri ni mmoja na wenye kuutaka ni wengi.

Sasa wako wasemao hivi: Mtu huyo alilipwa, tena alilipwa kwa kodi za watu. Mwashi akimaliza ukuta hapigiwi ngoma. Kwa nini burugumesta apigiwe? Neno hilo lina nguvu, na mwenye kulijibu asifanye haraka. Ni kweli kwamba kazi ya mkuu ni deni. Alipokubali kiti aliahidi kutenda haki, naye akitenda haki amelipa alichokuwa akidaiwa. Lakini mshahara wanunua nini? Wanunua saa za kazi na kalamu juu ya karatasi. Mkuu aliyekataa hongo na mkuu aliyeipokea walitia sahihi katika orodha ile ile ya mishahara na kupata fedha zile zile; tena katika Kongo fedha hizo mara nyingi zimechelewa, na pengine hazikufika. Basi kama mshahara ni sawa kwa mwema na kwa mbaya, kile kilichomfanya mmoja kuwa mwema hakikulipwa na mtu yeyote. Mjane ananyang'anywa kiwanja na shemeji zake, nao wametangulia kwa mkuu wakiwa na bahasha. Mkuu airudisha bahasha, aita mashahidi, asikiliza mpaka jioni, na mjane arudi nyumbani kwake na karatasi yake. Ni fungu gani la mshahara lililolipa saa ile ya kuirudisha bahasha, hali watoto wake mwenyewe walikuwa hawajalipiwa karo ya shule? Hakuna. Deni hilo limebaki kwa wale waliopata faida, na shukrani ndiyo njia waliyo nayo ya kulilipa.

Hata hivyo shukrani si kitu kimoja na heshima, na heshima si kitu kimoja na sifa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba heshima ni ushuhuda juu ya wema ulio ndani ya mtu. Mungu hahitaji ushuhuda huo, maana yeye aona moyo. Wanadamu wauhitaji, kwa sababu hawawezi kuujua wema wa mwenzao ila kwa ishara za nje: maneno, au matendo kama kusimama na kuinama, au vitu kama zawadi. Neno hilo moja, ushuhuda, lageuza hesabu yote. Shahidi mbele ya baraza hasemi apendalo, wala hasemi lile litakalompendeza mwenye kesi, husema aliloliona. Katekumeni aliyejifunza amri za Mungu ajua kwamba kumshuhudia jirani uongo ni dhambi, na kwa kawaida afikiri juu ya uongo wa kumchafua mtu. Lakini uongo wa kumsafisha mtu ni uongo vilevile. Msemaji asimamaye chini ya turubai na kumwita baba wa maskini mtu aliyekula fedha za maskini, amewashuhudia uongo maskini hao. Amewaibia mara ya pili: kwanza walikosa fedha, sasa wakosa hata haki ya kusema kwamba walizikosa.

Na mwenye kunyamaza? Huyo naye ana hukumu yake. Wako watu wasioweza kumsifu mtu wa ukoo mwingine, au wa kabila lingine, au wa chama kingine, hata kama wao wenyewe wachota maji katika bomba aliloliweka. Wivu wao wauficha ushuhuda. Shahidi aliyeona akakataa kufika barazani hana tofauti kubwa na yule aliyefika akadanganya.

Mwenye hekima wa Wayunani, Aristotle, aliona zamani kwamba heshima iko zaidi mikononi mwa yule aitoaye kuliko kwa yule aipokeaye. Maana yake ni kwamba mji ukimheshimu mtu wajionyesha wenyewe. Mji uliowapigia makofi matajiri wa ghafla wasiojulikana walipata wapi mali zao, umewafundisha watoto wake mengi siku hiyo, ingawa hakuna mwalimu aliyeingia darasani.

Watu wa pwani wana methali isemayo kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu wa Bushi wanywao kasiksi wameielewa bila kufasiriwa. Kumsifu mkuu angali kitini ni hatari kwake na kwa watu. Kwanza, nani ajuaye kama wamsifu yeye au wakisifu kiti? Mtu akiwa na muhuri, vichekesho vyake vyote vyachekesha. Pili, sifa humlewesha, na mlevi hazioni tena shimo za njiani. Siku ya kuondoka ni siku tofauti na nyingine zote. Kiti chapewa mwingine, gari lapewa mwingine, askari wa mlangoni ampigia saluti mwingine. Mgema amekwisha kushuka katika mti. Mwenye kumheshimu siku hiyo hatarajii kazi kwa mwanawe wala kiwanja cha bure, na kwa hiyo neno lake lina uzito. Heshima ya mwisho ndiyo pekee iwezayo kuaminiwa, kama tu watu hawaiharibu kwa mazoea ya uongo waliyoyapata zamani.

Nchi ya Kongo yalijua jambo hilo kwa uchungu. Mobutu alitwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965 na kukaa juu kwa zaidi ya miaka 31. Katika miaka hiyo watumishi wa serikali na wanafunzi walitolewa kazini na darasani ili kumchezea ngoma. Ziwa Albert liliitwa kwa jina lake. Katika televisheni uso wake ulionyeshwa ukitokea mawinguni kabla ya habari za jioni. Hakuna mtu katika nchi hiyo aliyesifiwa kupita yeye. Tarehe 16 Mei 1997 aliondoka Kinshasa akikimbia, na siku ya pili yake majeshi ya Kabila yakaingia mjini. Ngoma zilinyamaza siku moja tu, ziwa likarudia jina lake la kwanza, na yeye akafariki Rabat nchini Moroko tarehe 7 Septemba mwaka ule ule, akazikwa huko, mbali na watu waliomchezea. Si vema kumcheka marehemu. Lakini yafaa kuuliza wale waliocheza walimtendea nini. Kama mmoja tu miongoni mwa wasifu wale elfu angalisema kweli mapema, pengine angalimfanyia mtawala yule wema kuliko wote.

Katika Maandiko Matakatifu kuna mwamuzi mmoja aliyejua namna ya kuondoka. Samweli aliwaamua Waisraeli tangu ujana wake mpaka nywele zake zikawa nyeupe. Walipomtaka mfalme, naye akakubali kukiacha kiti, hakutaka karamu. Aliwaita watu wote, akasimama mbele yao, akawaamuru wamshtaki. Aliuliza kama amemtwalia mtu ng'ombe wake au punda wake, kama amemdhulumu mtu, kama amepokea rushwa ili afumbe macho. Akasema kwamba yuko tayari kurudisha. Watu wakajibu kwamba hakuchukua kitu mkononi mwa mtu yeyote, na jibu lao likawekwa mbele ya Mungu kuwa ushahidi. Hiyo ndiyo heshima aliyoitaka: hesabu, mbele ya wenye mali.

Lakini habari ya Samweli haiishii hapo, na wahubiri wengine hupita haraka mahali hapa. Samweli alikuwa na wana wawili, ambao aliwaweka kuwa waamuzi huko Beer-sheba. Hao walipenda faida, wakala rushwa, wakaipotosha hukumu. Nayo ilikuwa sababu mojawapo ya watu kutaka mfalme. Basi mzee yule mwenye mikono safi alikosa katika jambo moja ambalo wakuu wengi hukosa mpaka leo: aliwapa wanawe kiti kisichokuwa cha kurithishwa. Watu walimwambia kosa hilo waziwazi, wakimtaja yeye kuwa mzee na wanawe kuwa hawaendi katika njia zake. Hawakumtukana. Na walipoulizwa juu ya ng'ombe na punda, hawakusema uongo ili kumwadhibu kwa ajili ya wanawe. Walijua kutenga jambo na jambo. Kazi hiyo ya kutenga ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayokosekana chini ya turubai, ambako mtu huwa malaika, na pia katika vilabu vya pombe, ambako mtu yule yule huwa shetani.

Jirani ya ziwa Tanganyika, upande wa mashariki, wakazi wa Kivu wana mfano ulio karibu zaidi. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Burito, chifu wa Wazanaki. Alisoma dini kama wasomavyo makatekumeni wote, naye akabatizwa mwezi wa Disemba 1943, akiwa mtu mzima mwenye kuchagua mwenyewe. Akawa mwalimu wa shule, na jina la Mwalimu likamshika mpaka kaburini. Aliongoza Tanganyika tangu uhuru wa 1961, kisha Tanzania, na tarehe 5 Novemba 1985, akiwa na umri wa miaka 63, alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais, akarudi kulima Butiama. Wakati ule marais wa Afrika waliotoka kwa hiari yao walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Senghor wa Senegali alitoka mwishoni mwa 1980, na Ahidjo wa Kameruni mwaka 1982, naye Ahidjo hakuweza kutulia, akagombana na aliyemwachia kiti.

Watanzania walikuwa na mengi ya kushuhudia juu ya Mwalimu, na si yote ya namna moja. Mwaka 1966 aliukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, pamoja na mishahara ya mawaziri wake, alipoona kwamba pengo kati ya wakubwa na wakulima limekuwa aibu. Watu wazima kwa mamilioni walifundishwa kusoma. Makabila zaidi ya 100 yalizungumza lugha moja na hayakupigana. Hakujipatia majumba wala mali ng'ambo. Hayo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba sheria ya mwaka 1962 iliiruhusu serikali yake kuwafunga watu bila hukumu, na wengine walifungwa. Ni kweli kwamba kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya wakulima walihamishiwa katika vijiji vipya, na wengi walihamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba yao. Alipoondoka, maduka yalikuwa matupu na watu walipanga mistari wakitafuta sukari na sabuni. Yeye mwenyewe alikiri kwamba katika mambo ya uchumi serikali yake ilikosea.

Je, mtu huyo aheshimiwe? Wako wasemao ndiyo, na ili kuilinda ndiyo yao huyafuta makosa. Wako wasemao la, na ili kuilinda la yao huufuta wema. Wote wawili wadhani kwamba heshima ni mizani ambamo mema huwekwa upande huu na mabaya upande huu, na upande mmoja ukishuka basi mwingine huwa si kitu. Lakini kama heshima ni ushuhuda, hakuna haja ya mizani ya namna hiyo. Mkulima aliyechomewa nyumba yake mwaka 1974 ana haki ya kusema kwamba ilichomwa. Mwanawe aliyejifunza kusoma katika shule ya kijiji kile kile ana haki ya kushukuru. Ushuhuda wa mmoja haumfanyi mwingine kuwa mwongo. Naye mzee mwenyewe, akiwa mtu wa kweli, atausikiliza wa kwanza kabla ya wa pili. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuletwa kuzikwa Butiama, watu walisimama njiani kwa maelfu. Miongoni mwao walikuwamo waliohamishwa, nao walilia. Hawakuwa wamesahau. Waliona tu kwamba mtu huyu aliwaongoza bila kuwala.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa hapa, kwa sababu linahusu zawadi. Katika siku zake za mwisho Mwalimu alipewa nyumba mpya Butiama, iliyojengwa na jeshi la nchi yake. Hakuna aliyeona ubaya. Lakini zawadi hiyo ilikuja miaka mingi baada ya kiti, wala haikununua kitu. Zawadi nyingi za kuagia haziko hivyo. Mara nyingi watumishi wadogo wa ofisi hupitishiwa karatasi ya mchango, na majina ya waliotoa na wasiotoa husomwa. Au wauzaji wa sokoni huongezewa ushuru wa wiki moja ili mkuu apate kiti cha ngozi au ng'ombe. Zawadi ya namna hiyo ni kodi iliyovaa nguo za sikukuu. Mkuu mwema hapaswi kuipokea, kama Nehemia, liwali wa Yuda, ambaye kwa miaka 12 hakukila chakula cha liwali, kwa sababu aliona mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Kuku mmoja aliyeletwa na mjane kwa hiari yake, bila kutajwa na msemaji yeyote, apita ng'ombe huyo.

Wako pia watumishi ambao hawakuagwa. Mji wa Bukavu haukosi kuwakumbuka. Mwezi wa Oktoba 1996, vita ilipokaribia na wenye vyeo wakaanza kukimbia, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alibaki mjini. Huyu ndiye padre Mjesuiti ambaye mwaka 1971, serikali ilipowaingiza wanafunzi wa chuo kikuu jeshini kwa nguvu, aliomba aingizwe pamoja nao. Hakuwa meya wala gavana, lakini siku zile watu walimtazama yeye kwa kuwa viti vingine vilikuwa tupu. Akawasihi wakae watulivu, akawatetea pia wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakichukiwa. Tarehe 29 Oktoba aliuawa na askari barabarani. Aliyeshika mahali pake, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alizuiwa na waasi waliotawala mji mwezi wa Februari 2000, akapelekwa Butembo, akarudi Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo. Kwao hakukuwa na karatasi ya mchango. Wapo na wengine wadogo zaidi: karani aliyekificha kitabu cha vizazi chini ya kitanda chake wakati wa uporaji, mfagizi wa soko, mke wa mkuu aliyewapikia wageni usiku na mchana kwa miaka kumi bila kuwamo katika orodha yoyote ya mishahara. Katika karamu ya kuaga, mara nyingi mke huyo yuko jikoni hata siku hiyo.

Hapa mkristu aweza kuleta shida moja. Bwana wetu Yesu Kristu aliwafundisha mitume kwamba mtumishi aliyekwisha kufanya yote aliyoagizwa ajihesabu kuwa mtumishi asiye na faida. Kama ni hivyo, kwa nini kumheshimu? Jibu laonekana mtu akiangalia neno hilo limewekwa katika kinywa cha nani. Ni neno la mtumishi mwenyewe juu yake mwenyewe. Halikuwekwa katika kinywa cha waliotumikiwa. Tena katika sura ile ile ya Injili ya Luka, mara baada ya neno hilo, kuna habari ya wakoma kumi waliotakaswa, na mmoja tu aliyerudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Bwana aliuliza wale tisa wako wapi. Basi mambo mawili yakaa pamoja: aliyetumika aseme kwamba hakufanya kitu, na waliotumikiwa waseme kwamba alifanya. Shida huanza pale wanapobadilishana maneno, mkuu akijisifu mwenyewe na watu wakisema kwamba hakufanya kitu.

Na mtu mdogo, asiyepewa nafasi ya kusema chini ya turubai, ashuhudie namna gani? Njia anazo. Aweza kukataa kuitika uongo, hata kwa kunyamaza tu wakati wengine wapiga makofi. Aweza kuwasimulia watoto wake habari kamili ya bomba la maji, ni nani aliyelihangaikia na ni nani aliyelichelewesha. Aweza kwenda kwa mkuu mpya na kumwomba asilibomoe jema kwa sababu tu lilianzwa na mwingine. Maana katika miji mingi mkuu mpya hupenda kuanza kila kitu upya, na mfereji ulionusu hubaki nusu mpaka mvua iuzike. Kumalizia kazi ya mtu ni heshima kubwa kuliko kuitia barabara jina lake. Barabara yenye jina na mashimo huwachekesha wapitao.

Kabla ya karamu kuna kazi nyingine isiyo na ngoma, nayo ndiyo ambayo wakazi wangalipaswa kuidai zaidi. Mkuu wa zamani na mkuu mpya huketi katika ofisi moja, pamoja na mashahidi, na kukabidhiana. Huhesabu viti, meza na mihuri. Huvifungua vitabu vya vizazi, vya ndoa na vya vifo. Huandika fedha zilizomo sandukuni na madeni yaliyobaki, kesi za viwanja zisizokwisha, barua zisizojibiwa. Kisha wote wawili hutia sahihi. Kinachokosekana katika karatasi hiyo hakuna hotuba iwezayo kukirudisha, na kilichomo hakuna masengenyo yawezayo kukiondoa. Huyo aondokaye akiweza kuisoma karatasi yake kwa sauti mbele ya watu wa soko, kama Samweli alivyotaka kufanyiwa, amekwisha kujiagia.

Kesho yake hana gari wala askari mlangoni. Ashuka sokoni kwa miguu kununua sombe. Mama muuzaji, ambaye jana hakupata kiti, amwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama aitwavyo mzee yeyote wa mtaa, amwongezea fungu moja, kisha amwuliza kama ile kesi ya kiwanja chake imo katika karatasi ya makabidhiano. Naye amwambia namba yake.